Kwa nini mafuta ya samaki Afrika hayapandi kwenye chati

Umeuliza mbona, kwenye chati ya mafuta anayopata mtu kwa siku, mstari wa mafuta yatokanayo na samaki barani Afrika umelala tu, ilhali uvuvi na ufugaji vimekua. Kwanza, hesabu yenyewe ni ndogo. Mwafrika anapata wastani wa kilo kama 10 za samaki kwa mwaka, nusu ya wastani wa dunia. Gawa kwa siku 365, unabaki na gramu 27 hivi, tena pamoja na mifupa na kichwa. Samaki wengi wana mafuta asilimia chache tu, kwa hiyo haifiki hata gramu 1 kwa siku.

Pili, samaki gani? Misri ndiyo inaongoza kwa ufugaji barani, na inachofuga zaidi ni sato, ambaye hana mafuta mengi. Wale wenye mafuta wana wateja wengine: Senegal na Mauritania, dagaa wakubwa wa baharini wanasagwa viwandani kuwa unga na mafuta ya kulishia samaki wa kufugwa ng'ambo. Sangara wa Ziwa Victoria minofu hupanda ndege kwenda Ulaya, Mwanza yanabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa baada ya minofu kuondolewa, yanakaangwa na kuuzwa sokoni. Halafu idadi ya watu inakimbia kuliko nyavu.

Angalizo: takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni za upatikanaji, si za kilicholiwa. Na yale mafuta yanayochuruzika kwenye samaki wa kukaanga yanahesabiwa upande wa mafuta ya mimea.