Dagaa walionyeshewa mvua: ni sadaka?

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mvua ikiwakuta kwenye uanikaji wanabadilika rangi na kuanza kunuka, wateja hawawataki, wanaishia kwa watu wa chakula cha kuku. Mimi huwapeleka madrasa wapikiwe yatima. Mume wangu anasema hiyo si sadaka. Nijuavyo mimi, sadaka ni kutoa tu. Neno hili hasa lina maana gani?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Sadaka asili yake ni Kiarabu, sadaqa, na mzizi wake ni sidq, yaani ukweli. Humohumo ndimo tulimopata "kusadiki". Hata mahari, katika Surat An-Nisaa aya ya 4, imetajwa kwa neno la mzizi huo. Na Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba sadaka ni burhani: ulimi unadai imani, mkono unatoa ushahidi. Kwa hiyo "kutoa tu" hakutoshi. Anayemwaga jaani naye ametoa.

Jambo lako lilishatokea Madina. Answari, yaani wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, wale wenye mitende walikuwa wakitundika vishada vya tende msikitini. Maskini wa Suffa, kibaraza cha msikiti walikoishi wasio na makazi, akishikwa na njaa hukipiga kishada kwa fimbo, zikadondoka, akala. Wakawapo walioleta tende mbovu na vishada vilivyovunjika. Ndipo ikashuka Al-Baqara aya ya 267: msikusudie kutoa kilicho kibaya, ambacho nyinyi wenyewe msingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Kisa hiki amekipokea Tirmidhi kutoka kwa Al-Baraa bin Aazib. Sasa hao dagaa, ungewaunga nyanya ukampakulia mumeo? (Nadhani naye hofu yake ni hiyo.)

Sisemi utoe kingi. Nusu ya tende nayo Mtume ameitaja kuwa kinga ya Moto, basi kisado kimoja cha dagaa wakavu kina shida gani?

Walionyeshewa wauzie watu wa kuku, na uwaambie wazi kuwa wamelowa. Usiwachanganye na wazima. Mtume alipita kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema kimepatwa na mvua. Mtume akamuuliza: mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Anayeghushi si katika mimi. Pesa utakayopata, hata kama ni ya hasara, toa sehemu yake. Hiyo ni sadaka bila shaka. Na kama kuna dagaa wako wamebaki stoo ya madrasa, mpigie ustadhi leo asiwapike.