Poti za USB zimeniishia, ninunue habu kubwa au niweke kadi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina steshenari ndogo hapa Nkuhungu, kompyuta ni moja tu, kale kadogo ka ofisini nilikonunua mtumba. Ina poti sita, ila mbili za mbele zilishakufa kwa flashi za wateja, mtu anachomeka anaondoka nayo kwa goti. Nne za nyuma nimejaza kibodi, mausi, printa na skana, modemu haina pa kukaa. Nikanunua habu (kile kifaa cha kugawa poti moja kuwa nyingi) ya elfu nane pale Majengo ina poti nne, nikichomeka hadi diski yangu ya nje ya kuhifadhia mafaili inalia tik tik afu inapotea, juzi imepotea katikati ya kukopi picha za pasipoti za wanafunzi. Jirani anasema nifungue CPU, yaani boksi la kompyuta, niweke kadi ya kuongeza poti, mwingine anasema habu ndogo ndo shida nitafute kubwa. Nimsikilize nani? (Mama wa steshenari, Nkuhungu)

JIBU: Salama mama, pole na hizo picha. Kwa leo usimsikilize hata mmoja.

Hiyo tik tik ni diski inajaribu kuzunguka, umeme hautoshi, inazima, inaanza upya. Habu yako nzima kabisa, na ukinunua ya poti saba isiyo na adapta unaongeza walaji kwenye sufuria lilelile. Piga hesabu: poti ya USB 2.0, ile ya zamani, inatoa miliampia 500 basi, habu inajibakizia kama 100 za kujiendesha yenyewe, zinazobaki inatakiwa igawe mia mia kwa kila poti. Kibodi na mausi hapo wanashiba. Ila hadi diski ya nje ya USB 3.0 inaweza kutaka mpaka 900, na hizi skana bapa zisizo na waya wa ukutani zinaweza kumaliza zile 500 peke yake. Printa usiiwaze, ina umeme wake.

Sasa kabla hujatoa hata mia, hamisha vitu. Kibodi, mausi na waya wa printa peleka kwenye habu. Nyuma ya CPU zibaki nne tu: habu yenyewe, skana, modemu na hadi diski, na kama kuna poti yenye plastiki ya bluu ndani mpe hadi diski, mara nyingi hiyo ndo USB 3.0. Poti ya nne ya habu iweke mezani kwa ajili ya flashi za wateja, wakija kuivunja wamevunja kitu cha elfu nane, sio mashine.

Ikigoma hapo ndo utoe hela, na mimi ningenunua habu yenye adapta yake, volti 5 na angalau ampia 2. Ila sikiliza, adapta hiyo ichomeke kwenye UPS (lile betri linaloshikilia umeme ukikatika) pamoja na CPU, maana umeme ukikatika CPU ikabaki inawaka halafu habu ikazima, diski inapotea vilevile katikati ya kazi na utakuja kunilaumu.

Kadi sio wazo baya, jirani hajakosea sana. Ina kasi, USB 3.0 ni gigabiti 5 kwa sekunde na ile ya zamani ni megabiti 480, kwa mtu wa video za harusi ningemwambia nunua leo. Kwako wewe wa kuprinti na kuskani sioni haraka. Ukiitaka, fungua kwanza kifuniko (zima, chomoa waya wa ukutani, na uwe na brashi, vumbi letu unalijua, utadhani mashine imelala shambani Chamwino) uangalie kama kuna nafasi ya PCI Express, tundu refu la kuchomekea kadi, iliyo wazi. CPU hizo ndogo zinataka kadi yenye bati fupi, ukiletewa ya bati refu kifuniko hakifungi, na wauzaji wengi hawakuulizi. Angalia pia kama kadi inadai waya wa umeme kutoka pawasaplai (kiboksi cha umeme cha ndani), kwenye vi-CPU hivyo waya wa ziada unaweza usiupate. Na kama bado uko Windows 7 dai CD ya draiva, programu ya kuitambulisha kadi, maana Windows 7 yenyewe haiijui USB 3.0.

Ukiwa humo ndani chungulia na mazabodi, lile bao kubwa la saketi. Ukiona pini tisa zimesimama, safu moja tano nyingine nne, pembeni pameandikwa USB na hakuna waya, hizo ni poti mbili zimelala, unanunua kipande cha bati chenye waya unachomeka zinatokea nyuma. Lakini soma maandishi vizuri, mazabodi za zamani zina pini za Firewire (aina nyingine ya poti) zinazofanana nazo, ukikosea unaunguza kitu.

SWALI: Printa yangu iko chumba cha pili, waya wa USB wa mita kumi utafika? (Msomaji, Kisasa)

JIBU: Waya utafika, ila printa haitaonekana, au itaonekana asubuhi na kupotea mchana. USB 2.0 mwisho mita 5, zaidi ya hapo nunua ile ekstensheni yenye chipu katikati. Ila kama printa yako ina tundu la netiweki achana na USB, waya wa netiweki unaenda mpaka mita 100.