Maswali ya Wasomaji: Kasi, Ufunguo na Hali katika Simfoni ya Saba ya Beethoven

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaimba besi katika kwaya ya kanisa, na siku hizi ninasikiliza pia muziki wa okestra kwenye simu. Nina rekodi mbili za sehemu ya pili ya Simfoni ya Saba ya Beethoven. Ya kwanza huchukua dakika saba na sekunde ishirini hivi, na ya pili hupita dakika tisa. Programu ya simu inasema ile ya kwanza ina mapigo 152 kwa dakika, ufunguo wa A maina na hali ya huzuni, ilhali jalada limeandikwa A meja. Nami nikihesabu kwa mguu napata nusu tu ya mapigo hayo. Ni nani aliyekosea? – Mwanakwaya, Morogoro

JIBU: Tuanze na ufunguo, kwa kuwa hapo hakuna aliyekosea. Simfoni hutajwa kwa ufunguo wake mkuu, na hii huanza na kuishia katika A meja. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo uliyoipima, imeandikwa katika A maina. Kwa wewe uliyezoea kuimba kwa do-re-mi, maana yake ni kwamba do iko kwenye C, lakini wimbo unatulia kwenye la. Hata hivyo programu haikukueleza yote, kwa sababu kabla ya sehemu hiyo kufika katikati, klarineti na fagoti, ambazo ni ala za kupuliza, huingia na wimbo mpya katika A meja, do ikahamia A yenyewe, na wimbo huo hurudi tena baadaye. Programu inayotakiwa kutoa jina moja kwa muziki wote huchagua ufunguo uliotawala muda mrefu zaidi na kuunyamazia ule mwingine.

Kuhusu kasi, mguu wako ndio wa kuaminiwa. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha kasi za metronomu, kifaa kinachogonga mapigo ya muziki, kwa simfoni zake nane za kwanza, na kwa sehemu hii alitaja noti 76 za robo, ambazo ndizo mapigo ya mguu wako, kwa dakika. Wazo kuu la muziki huu ni noti moja ndefu, mbili fupi, kisha mbili ndefu, na zile fupi ni nusu ya robo; programu imezishika hizo fupi na kuzihesabu kuwa ndizo mapigo, ikapata 152. Kosa hili la kuzidisha au kugawa kwa mbili ni la kawaida katika upimaji wa kasi kwa kompyuta, hasa pale ambapo hakuna ngoma inayopiga mfululizo na waongozaji huharakisha na kupunguza mwendo kadiri wanavyoona inafaa.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe bila programu yoyote. Sehemu hii ina vipimo 278, yaani mafungu ya mapigo yanayotengwa kwa mistari ya wima, kila kimoja kikiwa na robo mbili, hivyo jumla ni robo 556. Ukizigawa kwa 76 unapata dakika saba na sekunde 19. Rekodi yako ya kwanza, basi, inafuata agizo la mtunzi karibu neno kwa neno. Kwa robo 60 kwa dakika ungepata dakika tisa na sekunde 16, na huko ndiko iliko rekodi yako ya pili. Waongozaji wengi wa karne ya 20 waliipiga polepole, wakiichukulia kama msafara wa mazishi, wakati Beethoven aliandika juu yake Allegretto, yaani mwendo wa haraka kiasi. Binafsi naipendelea ile ya haraka, ingawa nakiri kwamba katika mwendo wa polepole viola, selo na besi kubwa, ambazo huanza wazo hilo peke yake kabla violini hazijaingia, husikika kila moja kwa sauti yake.

Hiyo hali ya huzuni sikushauri uitegemee. Programu za aina hii hukisia hali kutokana na mambo kama kasi, nguvu ya sauti na kama ufunguo ni meja au maina, kisha hutoa neno moja kwa dakika zote saba. Muziki huu lakini hausimami mahali pamoja: wazo lile lile hurudiwa tabaka juu ya tabaka, kutoka mnong'ono wa nyuzi za chini hadi okestra nzima kwa nguvu zote, na hata wimbo wa A meja unapoingia, mdundo wa mwanzo unaendelea chini yake kwenye besi. Ulipopigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 8 Desemba 1813, katika tamasha la kuwachangia askari waliojeruhiwa kwenye vita vya Hanau, wasikilizaji waliomba urudiwe. Mmoja wa waandaaji wa tamasha hilo alikuwa Johann Mälzel, yule yule ambaye baadaye alisajili hataza ya metronomu.

SWALI: Ninayo simfoni hiyo hiyo ikipigwa kwa ala za kale. Nikiilinganisha na kinanda changu, inasikika chini kidogo. Je, rekodi imeharibika? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Vinanda vya leo hufuata A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kiwango kilichopendekezwa katika mkutano wa kimataifa jijini London mwaka 1939. Okestra za ala za kale zinapopiga Beethoven mara nyingi hutumia A ya 430 hivi, ambayo iko chini kwa pungufu kidogo ya nusu ya nusu-toni, hatua iliyo kati ya kitufe kimoja cha kinanda na kinachofuata. Tofauti hiyo hutosha kuifanya programu isite kati ya A maina na G shapu maina, ufunguo ulio nusu-toni moja chini. Kama rekodi ingekuwa imepunguzwa mwendo hadi sauti ikashuka kiasi hicho, kila dakika saba zingerefuka kwa sekunde kama kumi. Kwa kuwa muda peke yake haukuonyeshi kasi aliyoichagua mwongozaji, pima noti ya A ya obo, ala ya kupuliza, au ya nyuzi wazi, yaani zisizobanwa kwa kidole, kwa kifaa cha kulinganishia sauti; ikikaa karibu na 430 tangu mwanzo hadi mwisho, yaelekea ndivyo ilivyopigwa.