Kabla ya kukodi faiba nyeusi Lubumbashi, uliza inaishia ndani ya nyumba ya nani

Ndugu uliyeuliza: wewe na wenzako mnataka kuanzisha kampuni ndogo ya intaneti hapa Lubumbashi, mmeletewa bei ya faiba nyeusi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mnajiuliza kama ni afadhali kuliko kununua megabiti zilizo tayari, yaani uwezo ambao kampuni nyingine imeshauwasha. Nimefanya kazi hii miaka 11, kwanza mtaroni na mashine ya kuunganishia nyuzi, sasa kwenye mikataba. Chukueni faiba nyeusi, lakini msitie sahihi mpaka mjue inaishia kwa nani.

Kwa wasioijua, faiba nyeusi ni jozi ya nyuzi za kioo zisizo na mwanga ndani. Mwenye njia anakukodisha kioo, mitambo ya kukiwasha unaleta mwenyewe. Ukianza na gigabiti 10 na baada ya miaka miwili ukapanda hadi 100, kodi ya kioo haibadiliki. Na kama mwenye njia ni wa kweli katika mfumo wa njia huria, yeye hauzi intaneti kwa wateja wa mwisho, na bei anayokupa wewe ndiyo anayompa jirani yako.

Sisi tulijifunza kwa uchungu. Jozi yetu ya kwanza, upande wa mjini, iliishia katika chumba cha kampuni iliyokuwa ikiwafuata wateja wale wale tuliowatafuta sisi. Kutoka kabati lao hadi letu ni mita 12. Kwa waya huo wa mita 12 tulilipa kila mwezi karibu theluthi ya kodi ya njia nzima, kwa sababu hatukuuliza bei yake kabla. Halafu usiku mmoja wa Januari, mvua inanyesha, moduli yetu, kile kifaa kidogo kinachotuma na kupokea mwanga, ikafa saa nane. Nilikuwa na nyingine mfukoni. Mlinzi akasema haingii mtu bila barua ya ofisi, na ofisi ilikuwa imelala. Tuliingia saa nne asubuhi. Kazi yenyewe ilichukua dakika tatu, na kati ya wateja waliokaa gizani usiku ule kulikuwa na zahanati mbili. Sijasahau.

Ndiyo maana nasisitiza jumba lisilo na upande, yaani kituo cha data ambacho mwenyewe hashindani na wateja wake. Mwenye jumba anauza nafasi ya kabati, umeme, ubaridi na mlango unaofunguka saa 24, basi. Kampuni yoyote ya faiba inaruhusiwa kuingiza waya wake, na kampuni mbili zilizomo zikitaka kuungana, zinavuta waya kwa bei iliyoandikwa ukutani. Hapo pia ndipo kuunganika na LUBIX, kituo chetu cha kubadilishana mawasiliano, kunakuwa na maana. Bila hilo, barua pepe ya mtu wa Kamalondo kwenda kwa jirani yake wa komuni ya Kenya inaweza kuvuka mpaka na kurudi. Katika kioo mwanga huenda kama kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia, kwenda na kurudi, ni milisekunde 10 zimepotea bure. Na usafiri huo wa nje unaulipia kwa dola.

Kuhusu njia yenyewe, pigeni hesabu ya mwanga wenyewe. Kioo cha kawaida hula takriban desibeli 0.2 (desibeli ndiyo kipimo cha mwanga unaopotea) kwa kilomita, kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, hivyo desibeli 18 zimekwenda. Waya huja kwa ngoma za kilomita 4 hivi, kwa hiyo hesabuni viungo zaidi ya 20, kila kimoja 0.05 hadi 0.1, pamoja na vichwa vya mwisho. Mnafika 20 na ushee, na moduli nyingi zinazouzwa kama za kilomita 80 huvumilia 23 au 24 tu. Kila kijiko cha kuchimbia kikikata waya, kipande kinachotiwa huleta viungo viwili vipya. Mwaka wa tatu mnaweza kukuta akiba imekwisha. Daini kipimo cha OTDR, mashine inayoonyesha mwanga unapotea wapi njiani, cha siku ya makabidhiano, pande zote mbili, na kikomo cha desibeli ndani ya mkataba.

Mkifikiria baadaye kwenda Likasi na Kolwezi, kama kilomita 300, mtahitaji amplifaya, mitambo ya kukuza mwanga, njiani. Waulizeni mapema kama kodi inajumuisha nafasi katika vibanda vyao, na nani analipa mazutu ya jenereta umeme ukikatwa. Watu wengi hukodi kioo wakasahau kibanda.

Mambo ya leseni na ARPTC, mamlaka ya kusimamia mawasiliano nchini, shughulikieni na mwanasheria anayeijua sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020. Hilo si la kubahatisha.

Jambo moja zaidi: mkiambiwa kuna njia mbili, ombeni ramani zote mbili na mzitembee kwa miguu, hasa penye madaraja. Nimeona "njia mbili" zikilala katika mtaro mmoja, na kijiko kimoja kikazikata zote mbele ya macho yangu. Ramani ya njia mliyopewa ikifika, iweke hapa bila bei, nitaipitia nawe kipande kwa kipande. Barabara ile ya Kasumbalesa naijua kalavati kwa kalavati.