Mkate wa ngano nzima kwenye mashine, kwa sisi tunaoishi kwenye joto la Mtwara na Lindi

Dada yangu wa Lindi, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika. Umeeleza kwamba kaka yako amekuletea mashine ya kuokea mkate, kwamba unataka kumwokea mama mkate wa atta, yaani unga wa ngano nzima isiyokobolewa, kwa sababu ana kisukari na ameshauriwa apunguze mkate mweupe, na kwamba kila unapofuata vipimo vya kitabu cha mashine mkate huumuka hadi ukingoni, kisha hubonyea katikati, na ukiukata unakuta sehemu ya chini imeshikana kama udongo. Hayo yote yamenipata hapa Mtwara, na nitakueleza kwa urefu nilivyoyamaliza.

Mashine yangu niliinunua nikiwa kazini Njombe, na kwa miaka miwili mkate wake haukunisumbua hata siku moja. Nilipohamishiwa Mtwara nikaiweka mezani, nikapima unga ule ule, maji yale yale na hamira ile ile, na mkate wa kwanza ukabonyea. Wa pili ukabonyea. Wa tatu nikautupa. Nilidhani hamira imekufa, nikanunua nyingine. Nikadhani umeme ni mdogo. Mwishowe, Jumapili moja, niliketi mbele ya mashine kwa saa tatu na dakika arobaini za programu nzima, nikifunua kifuniko kila baada ya robo saa, nikaona kwa macho yangu kwamba donge lilifika kilele chake zaidi ya saa moja kabla ya mashine kuwasha moto wa kuoka. Kwa saa nzima liliendelea kuchachuka, likajaa hewa kupita uwezo wake, likashuka, na ndipo moto ulipowaka na kuoka kitu ambacho tayari kilikuwa kimeanguka.

Mashine hizi hufuata saa. Nyingi zimepangiwa majiko ya nchi za baridi, na zina uwezo wa kujipasha joto kidogo ili donge liumuke hata nyumba ikiwa baridi, lakini hazina uwezo wa kujipoza. Jikoni kwetu mwezi wa kumi na mbili ni nyuzi 30 na zaidi, na maji ya simtanki lililo juu ya paa saa nane mchana hutoka bombani yakiwa ya moto kabisa. Ongeza na joto linalotokana na msuguano wa kukanda, na utaelewa kwamba hamira yako inafanya kazi ya saa mbili ndani ya dakika hamsini. Zaidi ya hayo, programu ya ngano nzima katika mashine nyingi huanza kwa nusu saa hivi ya kupasha vitu joto kabla ya kukanda, jambo lenye maana kubwa Njombe mwezi wa saba na lisilotufaa hata kidogo huku.

Joto hilo linauathiri mkate wa ngano nzima kuliko mweupe kwa sababu ya unga wenyewe. Ngano nzima ni kama dona: punje imesagwa pamoja na pumba zake na kiini chake, wakati unga mweupe ni sembe. Kinachoshikilia hewa ndani ya mkate ni gluteni, yaani utando unaojengeka protini za ngano zinapokutana na maji na kukandwa. Chembe za pumba zina ncha kali, huuchanachana utando huo, na zenyewe hunywa maji mengi lakini polepole sana. Kwa hiyo donge la atta lina utando dhaifu kuliko la unga mweupe, haliwezi kungoja likiwa limejaa hewa, na likinyimwa maji ya kutosha hutoka tofali. Mkate wako unaumuka, kwa hiyo hamira yako ni nzima. Kinachokusumbua ni kasi.

Sasa nakueleza ninavyofanya. Usiku, kabla ya kulala, naweka kikandio ndani ya chombo cha mashine (kile kipande kinachozunguka chini, ukikisahau itakubidi uingize mkono ndani ya unga uliolowa kukitafuta mahali pake), kisha namimina mililita 380 za maji baridi ya friji na gramu 500 za atta. Nakoroga kwa mwiko hadi pasibaki unga mkavu, nafunika, naingiza chombo chote kwenye friji. Siweki hamira wala chumvi. Usiku huo pumba hulainika na kunywa maji yake, gluteni huanza kujijenga bila kukandwa, na donge lote hupoa. Kama friji haina nafasi, saa moja ya kuloweka kwa maji yenye vipande vya barafu nayo husaidia sana.

Alfajiri narudisha chombo kwenye mashine, naongeza kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chenga ambacho ni kama gramu 3, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti. Kitabu chako nadhani kinataka vijiko viwili vya hamira. Huku kwetu kimoja kinatosha. Chumvi usiiache, hata kama lengo ni afya, kwa sababu ndiyo inayoishika hamira isikimbie na ndiyo inayoukaza utando. Sukari unaweza kuiacha kabisa, maana hamira hupata chakula chake ndani ya unga wenyewe. Kisha nachagua programu ya kukanda tu, ile isiyooka, ambayo kwenye mashine yangu huchukua saa moja na nusu.

Dakika ya kumi ya kukanda ndiyo ya kuisimamia. Funua kifuniko, gusa donge. Linapaswa kuwa laini kuliko unga wa chapati, linate kidogo kwenye kidole lakini lisibaki kidoleni, na lizunguke kama mpira wenye uzito. Likiwa gumu na kikandio kinagonga, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Mimi hufika mililita 400, na unga mkavu zaidi huweza kudai hata zaidi ya hapo. Likiwa kama uji mzito, subiri dakika nyingine tano kabla ya kuongeza unga, kwa sababu huenda pumba hazijamaliza kunywa. Hapa ndipo ninapoiheshimu mashine kuliko mikono yangu, kwani donge zuri la atta linanata, na mtu anayekanda kwa mkono, asipojizuia, hunyunyiza unga kila linapomnata hadi mkate unakuwa mkavu bila yeye kujua. Wajapani wa kampuni ya Matsushita walipounda mashine ya nyumbani ya aina hii miaka ya 1980, mhandisi wao Ikuko Tanaka alikwenda kujifunza kukanda kwa mwokaji wa hoteli moja ya Osaka, akagundua kwamba mwokaji yule alikuwa akilivuta na kulisokota donge kwa wakati mmoja, na matuta yaliyowekwa ndani ya mashine ile yalikusudiwa kuiga mvuto huo. Tazama ndani ya chombo chako. Kama kina matuta ubavuni, hayakuwekwa kwa urembo.

Programu ya kukanda ikiisha nalitoa donge, nalibonyeza taratibu kutoa hewa, naondoa kikandio ili kisiache shimo chini ya mkate, nalikunja liwe umbo la mchi mnene na kulirudisha chomboni. Baada ya hapo siitazami saa, natazama donge. Atta usiingoje iumuke mara mbili kama unga mweupe; ikifika mara moja na nusu, na ukiibonyeza kwa kidole alama ikarudi polepole bila kujaa yote, washa programu ya kuoka peke yake kwa dakika 55 hadi 60. Alfajiri ya mwezi wa saba hilo huchukua dakika arobaini na tano. Mwezi wa kumi na mbili nimewahi kuoka baada ya dakika ishirini na tano. Mkate ulioiva ukiugonga chini hulia kama kitu chenye uwazi ndani. Utoe mara moja, kwa sababu mashine ikiendelea kuutunza moto mvuke hugeuka maji na ganda hulainika, kisha uuache upoe kabisa juu ya wavu. Najua ulivyo mgumu ushauri huu nyumba nzima ikinukia mkate, lakini ukikatwa wa moto ndani hushikana.

Kuhusu unga, mkate wa rangi ya kahawia si lazima uwe wa ngano nzima; rangi huweza kutokana na sukari iliyoungua tu. Soma pakiti ya unga, utafute neno linaloonyesha kwamba ngano haikukobolewa. Mimi sasa hununua ngano ya punje, ambayo hutoka mikoa ya mbali kama Manyara na Njombe, naichambua na kuipeleka mashine ya kusaga dona. Nenda mapema, na umwombe msagaji asikuanzie wewe baada ya mtu wa makopa, kwa sababu mabaki ya unga wa muhogo yanabaki ndani ya mashine na hayana gluteni hata chembe. Unga ukitoka ni wa moto. Uuache upoe kabla ya kuufunga. Kiini cha ngano kina mafuta, na kwa joto letu mafuta hayo huchacha upesi, hivyo saga wa wiki mbili tatu tu na uutunze kwenye friji. Unga ukiwa na harufu ya mafuta ya zamani au uchungu kidogo ulimini, usiuokee.

Nakuja kwa mama, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Ngano nzima ina faida ya kweli: gramu 100 za unga wake zina nyuzinyuzi kama gramu 10 hadi 12, na unga mweupe una kama gramu 3, mbali na madini na vitamini zilizomo kwenye pumba na kiini. Hata hivyo, unga wa ngano nzima uliosagwa laini humeng'enywa upesi, na mkate wake hupandisha sukari ya damu kwa kiasi kinachokaribia sana kile cha mkate mweupe. Mama yangu naye ana kisukari, na kwa muda mrefu nilimpa vipande vinne kwa moyo mweupe nikiamini kwamba atta haina neno, hadi kipimo chake cha saa mbili baada ya chai kiliponionyesha kosa langu. Sasa anakula vipande viwili vyembamba, pamoja na yai au maharage, na mkate wenyewe nauwekea punje nzima.

Punje hizo ni ngano ile ya kupikia bokoboko, ila uchague ambayo haijatwangwa ikatolewa ganda. Iloweke usiku, ichemshe hadi itafunike, ichuje vizuri, kisha uweke kikombe kimoja chomboni zimebaki dakika tano za kukanda. Ukiziweka mapema au zikiwa ngumu, hukwangua utando wa chombo usioshika. Punje nzima huchelewa kumeng'enywa kuliko unga, na kwa mgonjwa wa kisukari hilo lina maana. Kwa wakati huo huo huweza kuingia vijiko viwili vya ufuta, ambao wewe uko kwenye mkoa wake, na korosho za vipande, zile ambazo bei yake ni ndogo kuliko za nzima, zilizokaangwa bila chumvi na kukatwakatwa; kiganja kimoja kinatosha, kwa kuwa zikizidi uzito wake hulishusha donge. Watu wengi hupenda kutia tui zito mahali pa maji. Mkate wake hunukia vizuri mno, lakini kwa mama ningetumia mafuta kidogo ya alizeti au ya ufuta, maana mafuta ya nazi ni ya aina ambayo wenye kisukari huambiwa wayapunguze kwa ajili ya moyo.

Umeme hauna gharama ya kutisha. Mkate mmoja hula chini ya yuniti moja ya LUKU. Ukikatika wakati wa kukanda, subiri urudi na uanze kukanda tena, hakuna kilichoharibika. Ukikatika donge likiwa limeumuka, usilingoje. Mimi hulihamishia kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na iliyopashwa moto, nafunika, na kupalia makaa juu na chini kama mtu anayeoka mkate wa kumimina, makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kama mashine yako ililetwa kutoka Japani au Marekani, tazama maandishi ya volti nyuma yake kabla ya kuichomeka tena, kwa sababu ya huko haiwezi volti 230 zetu bila transfoma.

Mkate huu hauna dawa ya kuutunza, na kwa unyevu wa huku siku ya tatu mezani huota ukungu. Ukipoa, ukate wote, tenga vya leo na kesho, vilivyobaki uvifunge viwili viwili na kuvigandisha, ili asubuhi utoe kiasi cha mama peke yake na kukipasha kwenye kikaango kikavu.

Anza na mkate mtupu, bila punje wala korosho, hadi donge la dakika ya kumi likuzoee. Ukibonyea tena, niandikie ulitumia maji ya wapi, ulikanda saa ngapi, na uliliacha dakika ngapi kabla ya kuwasha moto.