Sura za C215 ni za akina nani?

Si mastaa peke yao. C215, msanii Mfaransa wa michoro ya mitaani, Christian Guémy, alianza kufahamika kwa sura za watu wasio na makazi, wakimbizi na watoto wa mitaani. Hukata sura kwa kisu kwenye karatasi, kisha hupulizia rangi ya kopo juu yake, mara nyingi kwenye milango na masanduku ya posta. Pale unakutana nayo macho kwa macho, na mtu ambaye ungempita tu inabidi umtazame. Hilo ndilo ninalompendea. Mashuhuri nao wapo: alimchora Simone Veil, manusura wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kwenye masanduku ya posta jijini Paris. Februari 2019 watu wakayachorea swastika, alama ya Wanazi, naye C215 akarudi kuyasafisha.