Wingi wa Watoto wa Nguruwe: Je, Dume Ndiye Anayeamua?

SWALI: Nina nguruwe jike wawili hapa Mbozi. Mkubwa amezaa mara nne, na kila mara hupata watoto 12 au 13. Wa pili, ambaye ni binti yake, amezaa mara moja tu na kupata 7. Wote hupandwa na dume mmoja, ndugu wa tumbo moja na huyo binti. Majirani wananishauri nibadilishe dume, kwa kuwa ndiye anayeamua idadi. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu mfugaji, ushauri wa kubadilisha dume ni mzuri, ila sababu uliyopewa siyo. Idadi ya watoto hutegemea kwanza mayai mangapi jike amepevusha akiwa kwenye joto (siku anazotaka dume), kisha mimba changa ngapi zinanusurika katika tumbo lake la uzazi. Dume dhaifu, au aliyepandisha mfululizo bila kupumzishwa, anaweza kupunguza idadi hiyo, lakini hata dume bora hawezi kuzidisha mayai ambayo jike hakuyatoa.

Uzazi mwingi hurithiwa, tena kwa kiasi kidogo kuliko wengi wetu tunavyodhani: katika tofauti zinazoonekana kati ya jike na jike, takriban asilimia 10 tu ndiyo hutokana na urithi, na zilizobaki huletwa na chakula, umri, maradhi, joto kali bandani na saa ya kupandisha. Nguruwe wa Meishan wa China huzaa watoto watatu au wanne zaidi ya nguruwe wa aina ya Large White, na mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walitangaza jeni (chembe ya urithi) moja inayohusiana na wingi huo. Hata hivyo, jeni hiyo ilipochunguzwa katika makundi mengine ya nguruwe, matokeo yalitofautiana, kwa sababu sifa hii hubebwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Kwa hiyo nakusihi usimchinje binti kwa uzao mmoja. Uzao wa kwanza kwa kawaida huwa mdogo, na wake ulikuwa na kasoro nyingine: alipandwa na kaka yake. Watoto wa ndugu wa damu hufa zaidi, wengine wakiwa bado tumboni. Mpe nafasi mbili zaidi kwa dume wa ukoo mwingine.

Katika kumchagua dume huyo, uliza habari za mama yake: amezaa mara ngapi, na amelea wangapi hadi kuwaachisha kunyonya? Dume hazai, lakini nusu ya urithi wa mabinti zake hutoka kwake, na ndipo uzazi wa mama yake utakapoonekana bandani kwako. Mabinti utakaowabakiza wawe na chuchu nzima zisizopungua 14. Andika kwenye daftari waliozaliwa hai, waliozaliwa wafu na walioachishwa, kila jike na ukurasa wake.